Dawa ya Pumu Haihitaji Kuingia Ndani ya Seli: Jinsi Kipokezi na Protini G Vinavyopokezana Habari

Bibi aliweka kikopo cha bluu juu ya kaunta ya duka la dawa, akakisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii dawa yenu inamtetemesha mjukuu wangu. Akivuta mara mbili pumzi inarudi, sikatai, lakini vidole vinamcheza na moyo unamwenda mbio. Mtaani wananiambia inaingia moyoni, ikishaingia haitoki, na mtoto akiizoea ndiyo basi."

Mvulana, wa miaka kama 9 hivi, alinyoosha mkono nione. Kweli vidole vilikuwa vinatikisika, kidogo tu, kama jani la mwarobaini penye upepo mwembamba. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimjibu bibi kwa sentensi tatu, akaitikia kwa adabu, lakini nilimwona machoni kwamba hajaridhika. Alikuwa na haki. Sentensi tatu hazitoshi, kwa sababu jibu lenyewe linapita kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa vizuri: namna seli inavyopokea habari kutoka nje bila kumruhusu mleta habari aingie.

Mkanganyiko huu si wa bibi peke yake. Wakati wa Uviko-19 tulisikia kila siku kwamba virusi "vinashika vipokezi." Siku hizi gumzo ni sindano za kupunguza uzito, nazo tunaambiwa "zinaamsha vipokezi." Neno limeenea kuliko maana yake. Watu wengi wanabaki na picha moja kichwani: dawa inaingia mwilini, inasafiri na damu, inaingia ndani ya kiungo na kukisukuma kama petroli inavyosukuma injini. Kwa dawa nyingi tunazotumia picha hiyo si sahihi, na inatufanya tuogope yasiyotisha na kupuuza yanayotisha.

Tuanze na maneno machache. Seli ndiyo tofali la mwili. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta wenye tabaka mbili, na kwa kuwa mafuta na maji havipatani, molekuli zinazopenda maji hazipiti hapo kwa urahisi. Adrenalini, homoni inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo pale mtu anaposhtuka, ni mojawapo ya hizo. Salbutamol, dawa iliyomo kwenye ile inhela ya bluu, imetengenezwa kwa mfano wa adrenalini.

Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando huo, sehemu yake ikiwa nje na sehemu nyingine ndani. Protini G ni protini nyingine, imekaa upande wa ndani, imejibandika chini ya utando. Herufi G inatokana na guanini, kwa sababu protini hii hushika molekuli mbili zenye guanini ndani yake, GDP yenye fosfati mbili na GTP yenye fosfati tatu. Hizo mbili tuzikumbuke, maana mambo yote yanazungukia hapo.

Sasa fikiria nyumba yenye ukumbi mrefu na uani nyuma. Mgeni anafika, anabisha hodi. Haingii. Mtoto aliyekaa ukumbini, nyuma kabisa ya mlango, anasikia, anainuka, anakimbia uani kumwambia mama. Mama anaweka birika jikoni. Chai inachemka ndani ya nyumba kwa sababu ya mtu ambaye bado amesimama nje.

Mgeni ni adrenalini au salbutamol. Mlango ni kipokezi. Mtoto wa ukumbini ni protini G. Mama wa uani ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, kinachosubiri amri. Mgeni anaweza kuondoka zake kabla chai haijachemka, na chai itachemka tu.

Mfano huu una mahali unapokwama. Hodi ni sauti, lakini kwenye seli hakuna sauti. Kinachopita kutoka nje kwenda ndani ni badiliko la umbo. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uhondo.

Kipokezi cha aina hii ni uzi mmoja mrefu wa protini unaopenya utando mara 7, juu chini, juu chini, kama uzi wa mshonaji anayepiga tanzi kwenye kanga. Kila mpenyo ni kama nguzo iliyojisokota. Nguzo 7 zinasimama kwa duara, na katikati yao, upande wa nje, kuna kijishimo. Salbutamol inakaa humo. Ikishakaa, nguzo zinajipanga upya kidogo, na ile ya sita, kwa upande wake wa ndani ya seli, inasogea mbali na katikati ya duara kwa takriban nanomita 1.4. Umbali huo ni mdogo mno: unywele mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Lakini kwa protini ni kama bawa la mlango kufunguka. Chini ya kipokezi panatokea upenyo ambao haukuwepo, na mkia wa protini G unaingia humo.

Protini G yenyewe imeundwa na vipande vitatu vinavyoitwa alfa, beta na gama. Wakati wa kupumzika vyote vimeshikana, na alfa amekumbatia GDP. Mkia wa alfa unapoingia kwenye upenyo wa kipokezi, mkumbatio wake unalegea. GDP inadondoka. Nafasi inabaki wazi kwa muda mfupi sana, na kwa kuwa ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP, inayoingia ni GTP.

Wanafunzi wengi hukosea hapa, na nimewaona hata walimu wakiandika ubaoni kwamba kipokezi "kinaiongezea GDP fosfati ili iwe GTP." Hapana. Hakuna kinachoongezwa. Ni mabadilishano: moja inatoka, nyingine kabisa inaingia. Ni kama kurudisha mtungi mtupu wa gesi dukani na kuchukua uliojaa. Mtungi wako haujajazwa, umebadilishiwa.

Alfa akishashika GTP, umbo lake linabadilika. Anaachana na kipokezi, na anaachana pia na beta na gama, ambao wao hawatengani, wanabaki pamoja. Sasa kuna wajumbe wawili badala ya mmoja: alfa upande huu, beta na gama upande ule, na wote wanaweza kupeleka habari. Kipokezi kinabaki pale pale, bado mgeni amekaa kwenye kijishimo, na kinaweza kumwamsha mtoto mwingine wa ukumbini, na mwingine, na mwingine.

Ukitaka kuona nguvu ya jambo hili, fikiria macho yako gizani. Ndani ya jicho kuna kipokezi cha ukoo huu huu kiitwacho rodopsini. Chenyewe hakisubiri homoni. Kimeshika kipande kilichotokana na vitamini A, na chembe moja tu ya mwanga ikikigonga kipande hicho, kipokezi kinageuka umbo na kuamsha protini G kwa makumi. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa vitamini A huanza kwa kutoona vizuri jioni. Mchicha na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinahudumia kipokezi, ingawa sahani haituambii hivyo.

Turudi kwenye njia za hewa. Alfa wa aina inayoitwa Gs anateleza chini ya utando hadi kwenye kimeng'enya kinachogeuza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuwa molekuli ndogo iitwayo cAMP. Hiyo ndiyo wanasayansi wanayoiita mjumbe wa pili, kwa sababu mjumbe wa kwanza alibaki nje. cAMP inasambaa ndani ya seli na kuamsha vimeng'enya vingine, na mwisho wa mlolongo huo misuli laini iliyozunguka njia za hewa inalegea. Mtoto aliyekuwa akipiga miluzi kifuani anapata pumzi ndani ya dakika chache.

Je, nani anazima? Swali hili husahaulika, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Amri isiyokoma ni hatari kuliko amri isiyofika.

Alfa anajizima mwenyewe. Ana uwezo wa kuikata GTP aliyoishika ikawa GDP. Fikiria umeme wa LUKU, au tokeni kwa wasomaji wa Kenya: uniti zikiisha taa inazimika bila mtu kugusa swichi. GTP ndiyo uniti. Ikishakatwa, alfa anarudi umbo la zamani, anawatafuta beta na gama, wanashikana, wanakaa tena ukumbini kusubiri hodi nyingine. Zipo protini nyingine ambazo kazi yake ni kuharakisha ukataji huo, ili amri isidumu kuliko inavyohitajika.

Kujua yote haya hakukuja kwa siku moja. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. (Majina hayo yasichanganywe na vipande vya protini G. Wanasayansi wamezipenda mno herufi za Kigiriki, na msomaji ndiye anayeteseka.) Wakati huo hakuna aliyekuwa ameona kipokezi hata kimoja, na wapo waliodhani ni neno tu la kurahisisha maelezo. Earl Sutherland aligundua cAMP na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1971, lakini kati ya homoni iliyo nje na cAMP iliyo ndani palibaki pengo lisiloelezeka.

Martin Rodbell, aliyefanya kazi Bethesda huko Marekani, aliliziba kwa sehemu kwa njia ambayo hunifurahisha kila nikiikumbuka. Alikuwa akichunguza utando wa seli za ini na homoni ya glukagoni, akitumia ATP ya kununua. Baadaye ilibainika kwamba ATP hiyo haikuwa safi, ilikuwa imechanganyika na GTP kidogo, na uchafu huo ndio uliokuwa ukiwezesha kazi. Ndipo akatambua kwamba kuna kitu cha tatu kati ya kipokezi na kimeng'enya, na kitu hicho kinahitaji GTP. Alfred Gilman naye, akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, alitumia seli za saratani za panya zenye kasoro: kipokezi zilikuwa nacho, kimeng'enya zilikuwa nacho, lakini homoni ikija hakuna kinachotokea. Aliyekosekana alikuwa mtoto wa ukumbini. Gilman na wenzake waliitenga protini yenyewe mwaka 1980, na mwaka 1994 yeye na Rodbell wakapewa Nobel.

Upande wa kipokezi, Robert Lefkowitz wa Chuo Kikuu cha Duke alikuwa amekitafuta kwa miaka, akitumia molekuli zilizotiwa mionzi ili aone zinashika wapi. Mwaka 1986 maabara yake, akiwemo kijana Brian Kobilka, ikapata jeni la kipokezi cha beta-2, kile kile kinachoshikwa na dawa ya mjukuu wa bibi. Waliposoma jeni hilo walishangaa: linafanana na rodopsini ya jicho. Kipokezi cha homoni na kipokezi cha mwanga ni ndugu! Leo tunajua binadamu ana jeni za vipokezi vya ukoo huu zipatazo 800, na karibu nusu ni za kunusa. Harufu ya karafuu, ya samaki, ya mvua ya kwanza, zote zinapita kwenye nguzo 7.

Picha ya kipokezi kikiwa kimeshikana na protini G ilipatikana mwaka 2011, kazi ya Kobilka na wenzake. Jozi hiyo haitulii, inaachana upesi, kwa hiyo waliitumia kingamwili ndogo sana iliyotokana na lama, jamaa wa ngamia wa Amerika Kusini, kuibana isitawanyike. Kingamwili za namna hiyo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, kutoka kwenye damu ya ngamia. Mwaka 2012 Lefkowitz na Kobilka walipata Nobel.

Sasa tuyatumie haya kujibu maneno ya mtaani.

La kwanza ni lile la "homoni moja, kazi moja." Adrenalini ni moja, lakini ukishtuliwa na pikipiki barabarani moyo unakwenda mbio, njia za hewa zinapanuka, na mishipa ya damu ya ngozi inabana hadi uso unapauka. Mgeni ni yule yule. Kinachotofautiana ni mlango aliobisha na mtoto aliyekaa nyuma yake. Penye Gs, cAMP inapanda. Penye Gi, cAMP inashuka. Penye Gq, amri inakwenda njia nyingine kabisa na kumwaga kalisiamu ndani ya seli, na msuli unakaza. Tabia ya dawa inategemea sana nani yuko ndani, kuliko inavyotegemea dawa yenyewe.

Hapo ndipo vidole vya mvulana vinapopata maelezo. Vipokezi vya beta-2 haviko kwenye njia za hewa tu. Vipo pia kwenye misuli ya mikono na miguu, na sehemu ya dawa inayofika kwenye damu inavikuta huko, vidole vinatetemeka. Moyo nao una baadhi yake, na zaidi ya hapo mishipa ya damu ikilegea kidogo moyo huongeza mwendo kufidia. Dawa haijakaa moyoni. Imebisha hodi kwenye nyumba za jirani. Baada ya muda inaondoka, alfa anazima, mtetemo unaisha.

La pili ni lile la ufunguo na kufuli, ambalo hata vitabu hulitumia. Lina ukweli nusu. Kufuli bila ufunguo halijifungui kamwe, lakini kipokezi kimesimama kwenye utando kikiyumba-yumba, na mara moja moja kinafunguka chenyewe hata kama hakuna mgeni. Dawa kama salbutamol inakifanya kikae zaidi kwenye hali ya kufunguka. Na zipo molekuli zinazoingia kwenye kijishimo zikakaa, zikaziba nafasi, bila kufungua chochote. Hizo ndizo dawa za kuzuia. Propranolol, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960, ni mojawapo. Inakaa kwenye vipokezi vya beta, adrenalini inakuta kiti kina mtu.

Naomba hapa nisikike vizuri. Propranolol hutumika kwa presha, kwa moyo unaodunda ovyo, na kwa matatizo mengine, na watu huazimana vidonge kama wanavyoazimana chumvi. Vipokezi vya beta-2 vya mapafu navyo vinazibwa. Mwenye pumu akimeza kidonge hicho cha jirani anaweza kubanwa vibaya, na inhela ya bluu anayoitegemea itakuta milango imeshakaliwa. Niliwahi kumwona mtu mzima akifika akiwa ameinama, mikono magotini, hawezi kumaliza sentensi, baada ya kupewa kidonge "cha kutuliza moyo" na mtu aliyemtakia mema. Ukienda kupimwa presha, sema mapema kwamba una pumu.

La tatu ni kipindupindu, ambacho watu wengi hudhani kinaharisha kwa sababu "kinachubua utumbo." Hakichubui. Mwaka 1959 S. N. De wa Calcutta alionyesha kwamba bakteria huyu hutoa sumu inayofanya kazi ndani ya utumbo wenyewe. Leo tunajua sumu hiyo inafanya nini. Sehemu yake moja, tofauti na salbutamol, inaingia kabisa ndani ya seli ya utumbo na kumbandika alfa wa Gs kipande cha kemikali. Alfa aliyebandikwa hawezi tena kukata GTP. Mita imechezewa, uniti haziishi, taa haizimiki. cAMP inapanda na kubaki juu, milango ya kloridi inafunguka, chumvi inatoka kwenda ndani ya utumbo na maji yanaifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Utumbo mzima, seli nzima, hakuna kidonda, na mtu anakauka akiwa kitandani kwa sababu swichi moja haikuzimwa.

Na hapo hapo tunaelewa kwa nini maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, yanaokoa. Seli za utumbo zina mlango mwingine unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na mlango huo haukuguswa na sumu. Sukari kwenye ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Bila glukosi, sodiamu haipiti hapo, na bila sodiamu maji hayarudi mwilini. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinamshikilia mgonjwa wakati mnamkimbiza kituo cha afya.

Kifaduro kina hila iliyo kinyume. Sumu yake humshika alfa wa Gi, yule wa kupunguza, na kumzuia asikutane na kipokezi. Hodi inapigwa, mtoto amefungwa kamba. Seli nyeupe zinazotegemea Gi kupata amri ya kutoka kwenye damu kwenda penye maambukizi hubaki zikijazana kwenye damu. Chanjo ya kifaduro imo ndani ya pentavalenti, ile wanayochomwa watoto wetu.

Kuhusu sindano za uzito nitapita haraka. Semaglutide huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, na kipokezi chake ni cha ukoo huu huu, kinatumia Gs. Haiyeyushi mafuta. Inasaidia kongosho kutoa insulini sukari ikiwa juu, inachelewesha chakula tumboni, na inapunguza hamu ya kula kupitia ubongo. Homoni ya asili hudumu dakika chache tu kwenye damu, dawa inakaa siku nyingi, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki. Na si kila kipokezi hutumia protini G: kile cha insulini hakitumii, na ACE2 kinachoshikwa na virusi vya Uviko-19 ni kimeng'enya cha ukoo mwingine. Virusi vya UKIMWI ndivyo vinavyotumia, pamoja na protini ya CD4 iliyo juu ya seli za kinga, kipokezi cha ukoo wa nguzo 7 kiitwacho CCR5 kama mahali pa kujishikiza.

Limebaki lile la bibi la "kuzoea." Hapa mtaa haujakosea kabisa, umekosea aina ya mazoea.

Mgeni akibisha hodi kutwa nzima, wenye nyumba hufanya nini? Kwenye seli, vimeng'enya fulani vinakipiga muhuri wa fosfati kipokezi kilichoamshwa mno, na protini iitwayo arestini inakuja kukaa pale pale ambapo protini G ingeingia. Upenyo umezibwa. Kisha kipokezi kinaweza kuvutwa ndani ya seli, kikarudishwa juu baadaye au kikavunjwa kabisa. Kwa hiyo mtu anayevuta salbutamol mara nyingi kila siku anaweza kuona haimsaidii kama zamani. Huo si ulevi, na mtoto hatakuwa mtumwa wa dawa. Ni seli inayojikinga na kelele.

Kuna hatari nyingine iliyo nyuma yake. Salbutamol inalegeza msuli, lakini haigusi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, na uvimbe ndio pumu yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na dawa za kuvuta za jamii ya steroidi. Zenyewe zinapita kwenye utando, kwa kuwa zinapatana na mafuta, na kukuta vipokezi vyao ndani ya seli. Tena zinaisaidia seli kutengeneza vipokezi vingi zaidi vya beta-2. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake, na kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 pia unataka steroidi iwepo. Bibi alikuwa akiiogopa dawa ya bluu kwa sababu ya mtetemo. Cha kuogopa kilikuwa kwamba alikuja na ya bluu tu.

Alirudi wiki mbili baadaye, kuchukua nyingine. Safari hii hapakuwa na foleni. Nilimwekea kiti, nikamweleza habari ya mlango na mtoto wa ukumbini, akacheka akasema mjukuu wake wa pili ndivyo alivyo, hodi moja anakimbia uani mara tatu. Kisha nikachukua kikopo cha zamani, nikakitikisa sikioni. Kitupu.

"Bibi, hiki kina mivuto 200. Kimeisha lini?"

Alihesabu kwa vidole, kuanzia siku ya sikukuu. Wiki nne hazikufika. Mwongozo unasema vikopo vitatu kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari. Nilimwandikia barua ya kupeleka kliniki, nikachora chini yake duara mbili, moja nikaandika "bluu: ya kubanwa," nyingine "ya kila siku: muulizeni daktari." Mvulana aliishika karatasi kwa mikono miwili, na safari hii vidole vilikuwa vimetulia.